Kuwahi na Kuvizia: Kasoro ya Sheria ya Kenya Kuhusu Majina ya Kikoa

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, iliyotiwa saini nchini Kenya mwezi Mei 2018, ni kifupi kiasi cha kusomeka kwa pumzi moja. Kinasema kwamba mtu ambaye kwa kukusudia anachukua au anatumia jina, jina la biashara, alama ya biashara, jina la kikoa, au neno au fungu jingine la maneno ambalo limesajiliwa, linamilikiwa au linatumiwa na mtu mwingine kwenye intaneti, bila ya idhini wala haki, ametenda kosa la jinai, na akipatikana na hatia atatozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au atafungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au atapewa adhabu zote mbili. Kinacholengwa ni uvamizi wa majina ya kikoa, yaani tabia ya mtu kusajili anwani ya tovuti kwa jina lililojengwa na mwingine ili aje amuuzie mwenyewe, au ajitafutie riziki kwenye kivuli cha sifa yake. Lengo hilo ni jema. Hata hivyo, anayekisoma kifungu hicho kwa utulivu atagundua kwamba jambo ambalo tangu mwaka 1999 limekuwa kiini cha kosa hili katika nchi nyingi, yaani nia mbaya, halikutajwa humo hata mara moja.

Pengo hilo si la kiuandishi tu. Kuwahi jina hakumkosei mtu, na kuliuza ghali hakumkosei mtu; anayekosewa ni yule aliyeviziwa kwa ajili ya sifa aliyoichuma kwa jasho lake. Sheria isiyotenganisha mambo hayo inaweza kumnasa asiye na hatia, na wakati huohuo ikamwacha mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki mikono mitupu, kwa kuwa anayemdhulumu si yule ambaye watunga sheria walimfikiria.

Majina ya kikoa hugawanywa kwa kanuni moja tu: aliyetangulia ndiye apewaye. Anayetaka jina linaloishia kwa .com, .co.ke au .co.tz hutazama kama bado liko wazi, hulipa ada, na jina likawa lake maadamu anaendelea kulilipia. Hakuna ofisa anayemuuliza ana uhusiano gani na jina hilo. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa chimbuko la uovu wote, nami sikubaliani nao, kwa sababu njia mbadala ni mbaya zaidi. Sheria ya alama za biashara huruhusu watu wawili kulitumia jina moja ikiwa bidhaa zao hazigongani: Marekani kuna Delta ya ndege na kuna Delta ya mabomba ya maji, na hakuna msafiri aliyewahi kuipanda bomba. Lakini delta.com ni moja tu duniani. Karani wa usajili ambaye angetakiwa kuamua nani anastahili kupewa angekuwa hakimu asiye na mahakama, na katika nchi zetu tunajua vema jinsi dawati la namna hiyo linavyogeuka kuwa mlango wa rushwa na wa kuzima sauti za wakosoaji. Ni afadhali usajili uwe mwepesi, na ugomvi uamuliwe baadaye, mahali penye hoja na ushahidi.

Tatizo ni kwamba ugomvi huo hauwezi kuamuliwa kwa kutazama karatasi. Katika pwani ya Kenya, skwota ni mtu aliyezaliwa juu ya ardhi, akailima na kuzika wazee wake humo, ilhali hati iko mikononi mwa mtu ambaye huenda hajawahi kuikanyaga. Katika majina ya kikoa lawama imehamia upande wa pili: anayeitwa mvamizi ndiye mwenye hati, amelipa ada na rejista inamtambua, na anayelalamika ndiye aliyelima. Kwa hiyo swali la nani amesajiliwa halitufikishi popote. Swali linalofaa ni kwa nini alilisajili, na analitumiaje.

Kesi iliyowazoesha majaji kuuliza hivyo ilimhusu Dennis Toeppen, Mmarekani wa jimbo la Illinois, aliyesajili panavision.com mwaka 1995. Panavision ni kampuni kongwe ya kamera za kupigia filamu. Katika tovuti hiyo Toeppen aliweka picha za mji mdogo wa Pana, ulioko katika jimbo lake, zilizopigwa kutoka angani, kana kwamba nia yake ilikuwa kuwaonyesha watu mandhari. Kampuni ilipomtaka aliachie jina, alidai dola 13,000. Ilipokataa, akaongeza kusajili panaflex.com, jina la kamera mojawapo ya kampuni hiyohiyo, na humo akaweka neno moja la salamu. Ilibainika kwamba alikuwa ameshasajili majina mengine zaidi ya 100, yakiwemo ya mashirika ya ndege ya Delta na Lufthansa. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ya Marekani iliamua dhidi yake. Picha za Pana hazikumsaidia, kwa kuwa majaji waliyasoma majina yote kwa pamoja na kuona kwamba biashara yake halisi ilikuwa kuwauzia watu majina yao wenyewe.

Mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilifika palepale kwa kupitia njia nyingine. Wafanyabiashara wawili, kupitia kampuni iliyoitwa One in a Million, walikuwa wamesajili marksandspencer.com pamoja na majina ya Sainsbury, Virgin, British Telecommunications na Ladbrokes. Barua moja iliyoandikwa kwa upande wao iliitaka Burger King itoe pauni 25,000 ili ipate burgerking.co.uk. Walijitetea kwamba hawakuwa wamemuuzia mtu yeyote bidhaa yoyote kwa majina hayo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mahakama ikaona kwamba jina ambalo haliwezi kutumiwa na mtu baki bila kudanganya ni chombo cha ulaghai mikononi mwake, na hakuna haja ya kungoja mpaka alitumie ndipo azuiwe.

Hukumu hizo mbili zilitolewa bila ya kuwepo sheria mahususi. Sheria ya zamani ya alama za biashara ilimtazama muuzaji anayebandika jina la mwenzake kwenye bidhaa yake, nayo haikumjua mtu anayekaa na jina bila kuuza kitu, akisubiri kupigiwa simu. Majaji walilazimika kuinyoosha sheria hiyo mpaka imfikie. Mwaka 1999 zikapatikana nyenzo mbili zilizotungwa kwa ajili hiyo hasa. Ya kwanza ni sheria ya Marekani ya kuwalinda watumiaji dhidi ya uvamizi wa majina ya kikoa, iliyotiwa saini mwezi Novemba, ambayo inamtaka mlalamikaji athibitishe nia mbaya ya kujinufaisha, inaitajia mahakama vigezo tisa vya kuipima nia hiyo, na inairuhusu kumtoza mkosaji kati ya dola 1,000 na dola 100,000 kwa kila jina. Ya pili ni sera ya usuluhishi ya ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina duniani, iliyoidhinishwa mwezi Oktoba. Hii ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tulio mbali na mahakama za Marekani, kwa sababu kila mtu anayesajili jina la .com, awe Nairobi au Dar es Salaam, huikubali katika mkataba wa usajili, ingawa ni nadra kumpata aliyeusoma mkataba huo mpaka mwisho.

Sera hiyo inamtaka mlalamikaji athibitishe mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, kwamba jina linalobishaniwa ni sawasawa na alama yake ya biashara au linafanana nayo kiasi cha kuchanganya watu. Pili, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali katika jina hilo. Tatu, kwamba lilisajiliwa kwa nia mbaya na linatumiwa kwa nia mbaya. Mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu, shauri husomwa kwa maandishi bila watu kufika mbele ya jopo, na uamuzi ukimwelemea jina hufutwa au huhamishiwa kwa mlalamikaji. Hakuna faini, hakuna fidia, hakuna jela, na asiyeridhika anaweza kwenda mahakamani.

Uzito wa sharti la tatu ulionekana tangu shauri la kwanza kabisa, lililoamuliwa mwezi Januari 2000 katika kituo cha usuluhishi cha WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani. Mkazi wa California alikuwa amesajili worldwrestlingfederation.com, na siku tatu baadaye akawaandikia wenye mchezo huo wa mieleka akiwataka walinunue kwa dola 1,000. Hakuwa ameweka chochote kwenye tovuti. Je, anayelifungia jina kabatini anaweza kusemwa kuwa analitumia? Msuluhishi alijibu kwamba kumpelekea mwenye jina bei ya jina lake ni matumizi tosha. Mwezi uliofuata, katika shauri la telstra.org, hata bei haikutajwa: aliyesajili alijificha nyuma ya jina la uongo na anwani isiyo ya kweli, akakaa kimya. Msuluhishi akauliza kama kuna njia yoyote halali ambayo mtu huyo angeweza kulitumia jina la kampuni kubwa ya simu ya Australia, na alipoikosa, akahesabu kimya hicho kuwa nia mbaya. Nauona uamuzi huo kuwa sahihi, japokuwa ndio uliofungua mlango ambao baadaye wakubwa wengi wameutumia vibaya.

Tofauti kati ya kuwahi na kuvizia hudhihirika zaidi tukiyaweka pamoja mashauri mawili ya mwaka 2000. Mwigizaji Julia Roberts alishinda na kupewa juliaroberts.com, kwa sababu aliyelisajili alikuwa amelitangaza kwenye mnada wa mtandaoni na alikuwa na mrundo wa majina mengine ya watu mashuhuri. Mwanamuziki Sting alishindwa kuipata sting.com. Neno hilo ni neno la kawaida la Kiingereza, na mlalamikiwa alieleza kwamba alikuwa akilitumia kama lakabu yake katika michezo ya mtandaoni kwa miaka. Wote wawili ni watu maarufu, na wote wawili walikuta majina yao yameshachukuliwa. Kilichowatenga ni ushahidi wa kilichokuwa moyoni mwa aliyesajili, kwa kadiri matendo yake yalivyokifichua.

Hapa ndipo maadili yanapohitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa wengi wanaolichukia soko la majina ya kikoa hawatenganishi mlanguzi wa maneno ya kawaida na mvamizi. Mwaka 2019 jina voice.com liliuzwa kwa dola milioni 30, fedha ambazo zingejenga shule kadhaa na bado zikabaki. Aliyeuza hakumdhulumu mtu, kwa maana hakuna aliyelijenga neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya sauti, na mnunuzi hakuwa na madai yoyote juu yake kabla ya kulitamani. Thamani yote ilitokana na uhaba, na uhaba si wizi. Mvamizi yuko tofauti. Jina analoliuza lina thamani kwa mtu mmoja tu, kwa sababu ambazo mtu huyo amezitengeneza mwenyewe, na bei yake hupimwa kwa maumivu ambayo mwenye jina atayapata akilikosa. Ukimwondoa huyo mmoja, hakuna mnunuzi mwingine duniani, labda tapeli. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Mengine, pamoja na ukubwa wa bei na wingi wa majina ambayo mtu amejilimbikizia, ni mambo ya kuchukiza au kuchukulika kulingana na tabia ya mtazamaji. Nakiri tu kwamba sisi tulioingia katika intaneti kwa kuchelewa tuna haki ya kununa kidogo: maneno mafupi yanayovutia ya .com yalikwishagawanywa kabla wengi wetu hatujaona kompyuta.

Kesi ya Uzi Nissan ndiyo inayonishawishi zaidi kwamba nia isitenganishwe na kosa. Alikuwa mfanyabiashara wa kompyuta wa North Carolina, na Nissan lilikuwa jina la ukoo wake, ambalo alikwishalitumia katika biashara tangu mwaka 1980. Alisajili nissan.com mwaka 1994. Kampuni ya magari ya Nissan ilimshtaki mwaka 1999 ikidai fidia ya dola milioni 10, na kesi ikamtafuna kwa miaka mingi kwa mawakili, rufaa na gharama. Mahakama ya wilaya ilifika hadi kumzuia asiweke kwenye tovuti yake maneno ya kuisema kampuni vibaya, zuio ambalo mahakama ya rufaa ililiondoa mwaka 2004 kwa kuwa lilikiuka uhuru wa kusema. Mwisho wa yote jina lilibaki lake, naye alikufa mwaka 2020 akiwa bado analo. Mwenye alama ya biashara maarufu alikuwa kampuni. Aliyewahi alikuwa yeye, kwa jina alilorithi kwa baba yake. Sheria isiyouliza habari ya nia ingemwona vipi?

Vivyo hivyo kwa mkosoaji. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nne ya Marekani ilimtetea mtu aliyesajili fallwell.com, jina la mhubiri Jerry Falwell likiwa na herufi moja ya ziada, ambaye aliitumia tovuti kupinga mahubiri yake na hakutafuta hata senti moja. Miaka minne kabla ya hapo mahakama hiyohiyo ilikuwa imemnyang'anya mtu mwingine peta.org, jina la chama cha kutetea wanyama, ambalo aliligeuza kuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya watu wanaokula wanyama watamu. Mzaha ulikuwa mzuri, lakini tovuti ilijaa viungo vya wauza nyama na ngozi, na mwenyewe alikuwa amedokeza hadharani kwamba chama hicho kingeweza kumalizana naye kwa fedha. Kwa mtazamo wa haraka mashauri hayo mawili yanafanana. Ukiyapima kwa nia, yanaachana kabisa.

Wakubwa nao huvamia, tena kwa karatasi nzuri zaidi. Kanuni za usuluhishi za ICANN zenyewe zinatambua kosa la mlalamikaji anayeutumia utaratibu huo kumpokonya mtu jina lake halali, ila adhabu yake ni kutajwa tu katika uamuzi kwamba alitenda kwa nia mbaya. Serikali zina nguvu kubwa zaidi. Jean-Noël Frydman, Mmarekani mzaliwa wa Ufaransa, alisajili france.com mwaka 1994 na kuiendesha kama tovuti ya utalii. Serikali ya Ufaransa ilipata hukumu katika mahakama za kwao, na mwaka 2018 jina likahamishiwa serikali hiyo bila Frydman kulipwa chochote. Alipoishtaki serikali hiyo huko Marekani, mahakama ya rufaa ya huko ilisema mwaka 2021 kwamba nchi huru ina kinga, na kesi ikafia hapo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mfano wa karibu zaidi. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994, na ikapewa mwaka 2003, usajili wa maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani kwa ajili ya mavazi. Mtu wa Mombasa anayewauzia watalii fulana zenye maneno hayo na kuyaweka katika jina la kikoa cha duka lake anatumia lugha yake mwenyewe, na msuluhishi yeyote mwenye busara ataona maslahi halali hapo. Lakini kirudie Kifungu cha 28: "fungu jingine la maneno lililosajiliwa na mtu mwingine". Hakikutaja limesajiliwa wapi, kwa bidhaa gani, wala litumiwe kwa nia ipi. Mtetezi wa kifungu atajibu kwamba maneno "bila ya haki" yanamwokoa muuza fulana huyo. Inawezekana, lakini haki hiyo ataijadili akiwa kizimbani, baada ya kukamatwa na kutafuta dhamana, wakati mwenzake aliye chini ya utaratibu wa usuluhishi angeijadili kwa barua akiwa dukani kwake.

Chama cha Wanablogu wa Kenya, BAKE, kilikwenda mahakamani mara tu sheria hiyo ilipotiwa saini, na tarehe 29 Mei 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26, kikiwemo hiki. Mabishano makali yalihusu zaidi vifungu vya habari za uongo, na ndivyo ilivyostahili, kwa kuwa vilimgusa kila mwandishi. Mwezi Februari 2020 mahakama ikaitangaza sheria kuwa halali, na Kifungu cha 28 kikarudi pamoja na vingine bila ya mtu kukililia. Naona hapo palipotea nafasi ya kukirekebisha.

Sisemi kwamba jinai haina nafasi. Mtu anayetengeneza tovuti yenye jina la benki, likiwa limepindwa herufi moja, ili azoe nywila za wateja, anastahili jela, lakini sheria hiyohiyo ya Kenya inamshughulikia katika Kifungu cha 29, kuhusu wizi wa utambulisho, na cha 30, kuhusu kuwahadaa watu watoe taarifa zao. Mwaka 2004 mahakama ya Marekani ilimfunga miezi 30 mtu aliyesajili maelfu ya majina yaliyokosewa tahajia, yakiwemo ya vipindi vya watoto, ili watoto wanaokosea kuandika waangukie kwenye picha za ngono. Hakuna atakayemwonea huruma. Katika mifano hii yote kinachoadhibiwa ni udanganyifu wenyewe, na jina ni chombo tu. Ugomvi mtupu wa nani awe na jina gani ni wa madai. Aliyenyang'anywa anataka jina lake lirudi upesi kabla ya wateja kupotea, ilhali Kifungu cha 28 kinaahidi faini inayokwenda serikalini na hakisemi neno juu ya jina kurudishwa.

Sasa tumtazame huyo mfanyabiashara mdogo, ambaye kwangu ndiye mtihani wa sheria yoyote katika eneo hili. Ada ya WIPO kwa shauri la jina moja hadi matano, mbele ya msuluhishi mmoja, ni dola 1,500, bila kuhesabu wakili. Kwa kampuni kubwa fedha hizo si kitu, na kituo hicho kilipokea mashauri zaidi ya 6,000 katika mwaka 2023 pekee. Kwa fundi cherehani wa Gikomba au muuza vitenge wa Kariakoo ni mtaji mzima. Hata akizipata, atagonga ukuta wa pili. Utaratibu huo unalinda alama za biashara, naye aghalabu amesajili jina la biashara tu, akidhani ni kitu kimoja. Kenya, jina la biashara husajiliwa katika ofisi ya usajili wa biashara, na alama husajiliwa KIPI, taasisi ya miliki za viwandani. Tanzania Bara, BRELA hushughulikia yote mawili, lakini kwa sheria tofauti na kwa vyeti tofauti. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Visiwani mpaka isajiliwe huko pia. Kwa hiyo katika Jamhuri moja yenye .tz moja, mtu wa Mwanza na mtu wa Mkunazini wanaweza kuwa na vyeti halali vya alama inayofanana, kila mmoja kwa upande wake wa bahari, wakiligombea jina moja la kikoa pasipo yeyote kati yao kuwa mvamizi.

Ni kweli kwamba wasuluhishi hukubali pia alama ambayo haikusajiliwa, iwapo mlalamikaji ataonyesha kwamba umma unaitambua kuwa yake. Lakini ushahidi wanaouzoea ni matangazo ya magazetini, hesabu za mauzo zilizokaguliwa, na bajeti za kujitangaza. Biashara iliyokua kwa hadhi za WhatsApp na malipo ya simu inaweza kujulikana mtaa mzima na bado ikakosa karatasi hata moja ya kuthibitisha.

Na anayemtesa zaidi si Toeppen wa Illinois. Ni fundi wa tovuti aliyemlipa mwenyewe. Hii ni desturi iliyozagaa: mteja anatoa fedha za tovuti na za jina, fundi anajaza fomu, na mahali pa mmiliki anaandika jina lake, barua pepe yake na namba yake ya simu. Wakati mwingine ni uzembe, kwa sababu kujaza fomu kwa taarifa za mteja kunachosha. Wakati mwingine ni akiba ya siku ya ugomvi. Miaka miwili baadaye mteja anataka kuhamia kwa fundi mwingine, na hapo ndipo anapogundua kwamba jina lililoko kwenye kibao cha duka, kwenye risiti na kwenye gari la mizigo ni mali ya mtu mwingine kisheria. Kimaadili shauri hili halina utata wowote: fundi alikuwa wakala, alishika jina kwa niaba, na kulizuilia ni kuvunja uaminifu. Kisheria limekaa upande. Wasuluhishi wa sera ya ICANN huyarudisha mara nyingi mashauri ya aina hii wakisema kwamba ni ugomvi wa mkataba, nje ya kazi waliyopewa. Polisi nao, wakikisoma Kifungu cha 28, watakuta kwamba fundi alisajili kwa idhini ya mteja mwenyewe.

Kwa hiyo marekebisho ninayoyapendekeza yana pande mbili zisizolingana kwa uzito. Upande mwepesi ni Kifungu cha 28 kuondolewa katika jinai na kuandikwa upya kama dai la madai, nia mbaya ikiwa sharti lake, na mahakama ikipewa mamlaka ya kuamuru jina lihamishwe. Upande mzito ni usuluhishi ulio karibu na watu. KeNIC, inayosimamia majina ya .ke, ina utaratibu wake wa migogoro, na majina ya .tz yamo miongoni mwa yale ambayo WIPO huyasuluhisha. Palipo na utaratibu tayari, kinachopungua ni ada inayolingana na bei ya jina lenyewe, uwezekano wa kuendesha shauri kwa Kiswahili, kukubaliwa kwa ushahidi wa miamala ya simu, na kutambuliwa kwa mteja aliyelipia jina lililoandikwa kwa wakala wake. Na liko moja ambalo wasimamizi wa .ke na .tz wanaweza kulianza bila kungoja Bunge lolote: usajili usikamilike mpaka ujumbe wa uthibitisho ujibiwe kwa simu ya mteja anayelilipia jina, badala ya simu ya fundi anayejaza fomu.